Kuhesabu wanga unapopunguza uzito: mwongozo wa anayeanza

Maswali ni yale yale. "Wali gramu 100 ndiyo wanga gramu 100?" "Nipime mchele au wali?" "Sukari iliyoandikwa kwenye pakiti niijumlishe juu ya wanga, au imo humo humo?" "Nimeshusha wanga hadi gramu 80 kwa siku, mbona mizani haisogei?" Wanaouliza si wazembe. Wengi wao wamesoma sana kuhusu vyakula vya kula na vya kuacha, ila hawajaonyeshwa namna ya kuweka sahani kwenye mizani, kusoma lebo na kupata namba moja ya kuandika daftarini. Hapa tunafanya kazi hiyo tu.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi: kuzidisha na kugawanya. Watu hawakosei kwenye hesabu, hukosea kwenye kupima. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni mizani, maji, maganda na vijiko.

Nadharia unayohitaji ni fupi. Wanga, kwa maana ya hesabu hii, ni wanga wa nafaka na mizizi pamoja na sukari za aina zote. Gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, gramu moja ya protini kalori 4, gramu moja ya mafuta kalori 9. Ukipunguza wanga, uzito hupungua pale jumla ya kalori za siku inapopungua. Ukitoa wanga na kuujazia mafuta yenye kalori zile zile, umehamisha mzigo kutoka bega hili kwenda lile.

Nani asianze peke yake

Kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari, usipunguze wanga kabla ya kuongea na daktari wako. Dozi yako ilipangwa kwa chakula unachokula sasa. Ukipunguza chakula na dozi ikabaki ilivyo, sukari ya damu inaweza kushuka hadi ukaanguka. Vidonge vinavyotoa sukari kupitia mkojo, kama dapagliflozin na empagliflozin, vina hatari nyingine: mtu akikata wanga sana, damu yake inaweza kujaa asidi hata wakati kipimo cha sukari hakijapanda sana. Watumiaji wa dawa za presha nao wamweleze daktari, kwa sababu presha huweza kushuka uzito unapopungua.

Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na vijana wanaokua, wenye ugonjwa wa figo, na yeyote aliyewahi kujinyima chakula kupita kiasi au kula na kujitapisha, wamwone kwanza daktari au mtaalamu wa lishe. Kwa hao wa mwisho nasisitiza, kwa sababu kuandika kila tonge kunaweza kuamsha ugonjwa uliokuwa umetulia.

Andaa vitu hivi

- Mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja na yenye kitufe cha kurudisha sifuri. Hii haina mbadala. Kama bado huna, subiri uipate ndipo uanze.
- Seti ya vijiko vya kupimia na chombo chenye alama za mililita.
- Daftari na kalamu, au programu ya simu ya kuandikia chakula. Daftari linatosha kabisa.
- Jedwali moja la viwango vya virutubishi katika vyakula. Likiwa la taasisi ya serikali au ya chuo kikuu, vizuri zaidi. Usichanganye majedwali matatu, maana kila moja lina tofauti ndogo na utaishia kuchagua namba inayokupendeza.
- Mizani ya kupimia mwili na utepe wa kupimia kiuno.

Hatua ya 1: Andika unachokula sasa

Kwa siku nne, moja ikiwa ya mwisho wa wiki, kula kama kawaida yako na uandike kila kitu. Usipunguze chochote. Pima, andika, kula. Ukimaliza, tafuta wastani wa wanga kwa siku.

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua kama zilizobaki zitakuwa na maana. Mtu anayekula gramu 320 kwa siku na mwenzake anayekula 180 hawawezi kupewa kikomo kimoja. Tena bila namba ya kuanzia hutajua umepunguza kiasi gani, utakuwa na hisia tu.

Andika wakati ule ule unapokula. Orodha inayoandikwa usiku kwa kukumbuka huacha nje vitu vya mkononi: kipande cha mkate ulichomalizia mtoto, kijiko cha kuonja, karanga za njiani.

Hatua ya 2: Chagua kikomo chako

Hakuna namba moja inayomfaa kila mtu, lakini kuna alama za kukuongoza. Nchini Marekani kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni angalau gramu 130 kwa siku, kilichowekwa kwa kuangalia sukari ambayo ubongo huitumia. Chini ya hapo ndipo wengi huanza kuita "wanga kidogo". Mlo wa keto hushuka hadi kati ya gramu 20 na 50, na huo ni mlo mwingine kabisa wenye masharti yake. Sishauri mtu aanzie huko.

Ushauri wangu: chukua wastani wa hatua ya kwanza, upunguze robo hadi theluthi. Kama ulikuwa gramu 250, anza na 180. Kaa hapo wiki tatu. Uzito ukishuka taratibu, usiguse kitu. Usiposhuka, punguza gramu 20 hadi 30 nyingine.

Kutoka 250 hadi 180 ni gramu 70, yaani kalori 280 kwa siku. Zinaonekana chache, lakini ni punguzo unaloweza kuishi nalo miezi mingi, na miezi ndiyo inayohitajika. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa watu wazima 609 waliofuatwa miezi 12, wengine wakila wanga kidogo, wengine mafuta kidogo. Kundi la wanga kidogo lilipungua wastani wa kilo 6.0, la mafuta kidogo kilo 5.3, na tofauti hiyo haikuwa kubwa kiasi cha kusema njia moja imeishinda nyingine. Chagua kuhesabu wanga kwa sababu kunakufaa. Huna sababu ya kujitesa na kikomo cha chini kabisa ukidhani huko ndiko kuna siri.

Hatua ya 3: Jua wanga ulipo

Hizi ni namba za kukariri, wanga kwa kila gramu 100 za chakula kilicho tayari kuliwa. Ni makadirio ya kawaida. Jedwali lako likitofautiana kidogo, fuata jedwali lako.

- Wali mweupe: 28
- Tambi zilizochemshwa: 30
- Mkate: 45 hadi 50
- Viazi vya kuchemsha: 20
- Viazi vitamu: 18 hadi 20
- Maharage yaliyochemshwa: 23, ambapo 6 au zaidi ni nyuzinyuzi (sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuimeng'enya)
- Dengu zilizochemshwa: 20, ambapo 8 ni nyuzinyuzi
- Ndizi mbivu bila ganda: 23
- Embe: 15
- Tufaha: 14
- Chungwa: 12
- Tikiti maji: 8
- Maziwa: 5
- Karoti 10, kitunguu 9, kabichi 6, nyanya 4
- Mboga nyingi za majani: chini ya 5
- Sukari: 100. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4
- Asali: 82. Kijiko kimoja cha chakula kina wanga wa gramu 17

Nyama, samaki na kuku visivyopakwa unga ni sifuri. Yai halifiki gramu 1. Mafuta ya kupikia ni sifuri pia, na sifuri hiyo imewapoteza wengi, tutairudia.

Angalia vinywaji kwa jicho kali. Kopo la soda la mililita 330 lina wanga wa gramu 35 hivi. Glasi ya maji ya machungwa ya mililita 250 ina gramu 25, hata kama umeyakamua mwenyewe na hukuongeza sukari. Chai yenye vijiko viwili vya sukari ni gramu 8. Ukinywa vikombe vitatu ni 24, karibu sawa na ndizi nzima lakini bila kushiba. Ukitaka kuona mabadiliko mapema bila kugusa sahani yako ya chakula, anzia kwenye glasi na kikombe. Pombe kali haina wanga, lakini kila gramu ya kilevi hutoa kalori 7, kwa hiyo ukiandika sifuri usijidanganye kwamba hukunywa kitu.

Hatua ya 4: Soma lebo, kwa mpangilio huu

1. Tafuta safu ya "kwa gramu 100". Achana kwanza na safu ya mgawo mmoja, kwa sababu mgawo huo kaupanga mtengenezaji. Unaweza kukuta pakiti unayoimaliza kwa mkao mmoja imeandikwa kuwa ni migawo miwili na nusu. Lebo ikiwa na safu ya mgawo peke yake, gawanya wanga kwa uzito wa mgawo, kisha zidisha kwa 100.

2. Soma mstari wa wanga wote. Mstari wa sukari ulio chini yake ni sehemu ya huo wa juu. Kama wanga ni 60 na sukari ni 22, wanga ni 60. Usijumlishe 82.

3. Angalia nyuzinyuzi ziko wapi. Lebo za Marekani huziingiza ndani ya wanga wote. Lebo za Umoja wa Ulaya na Uingereza huziweka kando, yaani wanga unaousoma pale tayari hauna nyuzinyuzi. Wanaohesabu wanga baada ya kutoa nyuzinyuzi hukosea hapa: wanazitoa kwenye lebo ambayo ilishazitoa, na namba yao inakuwa ndogo kuliko ukweli.

4. Usiongozwe na maneno ya mbele ya pakiti. Biskuti "zisizo na sukari" bado ni unga. Nyingine hutiwa vitamu kama sorbitol na maltitol, ambavyo huingia kwenye mstari wa wanga na vina kalori, ingawa ni chache kuliko za sukari. Vikizidi huharisha.

Utoe nyuzinyuzi au usitoe? Kwa kupunguza uzito nakushauri usitoe. Hesabu wanga wote, weka kikomo chako juu ya wanga wote, na usibadilishe njia katikati. Wenye keto wana sababu yao ya kutoa; wewe unayeanza utapata tu mlango wa kujipunguzia namba.

Hatua ya 5: Pima na ukokotoe

Kanuni ni hii:

wanga kwa gramu 100 × uzito wa chakula chako ÷ 100

Mfano. Lebo ya mkate inasema 48 kwa gramu 100. Kipande chako kina uzito wa gramu 35. Zidisha 48 kwa 35, gawanya kwa 100: 16.8. Andika 17. Kipande chenyewe ni gramu 35, wanga ulio ndani ni gramu 17. Namba mbili tofauti, na daftarini inaingia ya pili. Hilo ndilo jibu la swali la "wali gramu 100 ndiyo wanga gramu 100?" Hapana, ni wanga gramu 28. Kilichobaki karibu chote ni maji.

Namna ya kupima: weka sahani tupu kwenye mizani, bonyeza sifuri. Pakua wali, soma, andika. Bonyeza sifuri tena, ongeza maharage, soma, andika. Sahani moja, hakuna chombo cha ziada cha kuosha.

Sasa swali gumu: nipime kikiwa kibichi au kimepikwa? Unaweza kufanya lolote kati ya hayo, mradi namba ya jedwali na chakula kilicho kwenye mizani viwe katika hali moja. Mchele mkavu una wanga wa takriban gramu 79 kwa gramu 100. Ukiupika unanyonya maji, uzito unakaribia mara tatu, na wanga ule ule unatawanyika ndani ya uzito mkubwa, ndiyo maana wali unasomeka 28. Anayepima gramu 180 za wali halafu akatumia namba ya mchele anaandika 142 wakati amekula 50. Atakaa na njaa siku nzima bila sababu. Anayefanya kinyume, akapima mchele gramu 100 na kutumia namba ya wali, anaandika 28 wakati amekula 79, kisha anashangaa uzito umegoma. Tambi nazo ni hivyo hivyo.

Tena, lebo ya pakiti ya mchele au tambi kwa kawaida huzungumzia kitu kikavu kilichomo ndani ya pakiti. Usiipeleke moja kwa moja kwenye chakula kilichoiva.

Kama unapikia watu wengi, fanya hivi. Pima mchele mkavu kabla ya kuuosha: tuseme gramu 300. Wanga wa sufuria nzima ni 79 × 3, yaani 237. Sufuria tupu ulishaipima na uzito wake umeuandika. Wali ukiiva, pima sufuria na wali, toa uzito wa sufuria: tuseme imebaki gramu 840. Ukipakua gramu 170, wanga wako ni 170 ÷ 840 × 237, sawa na 48. Njia hii ni bora kuliko jedwali lolote, kwa sababu inafuata maji uliyoyaweka wewe.

Matunda yapime baada ya kumenya. Ganda la ndizi huchukua karibu theluthi ya uzito wake. Ukipima ndizi na ganda lake unajiandikia wanga usioula. Kokwa la embe vilevile.

Unga, sukari na asali usivipime kwa kijiko cha mezani kilichojaa kilima. Kijiko kilichosawazishwa kwa kisu na kile kilichochotwa juu juu vinaweza kutofautiana hadi mara mbili. Pima kwa mizani.

Hatua ya 6: Chakula cha mchanganyiko

Mchuzi, supu nzito na vyakula vya chungu kimoja huwakatisha watu tamaa, na hapo ndipo wengi huandika "mchuzi, kama 10" na kuendelea. Kazi yake ni ile ile ya sufuria ya wali. Pima kila kiungo kabla hakijaingia, jumlisha wanga wa vyote, pima chungu mwishoni, gawanya.

Chukua maharage ya kukaanga: maharage yaliyochemshwa gramu 400 (wanga 92), nyanya 200 (8), kitunguu 100 (9), karoti 100 (10), mafuta vijiko vitatu vya chakula (0). Jumla 119. Pamoja na maji, chungu kizima kina gramu 1,150. Bakuli lako la gramu 250 lina 250 ÷ 1,150 × 119, yaani 26.

Ukipika vile vile wiki ijayo, huna haja ya kurudia hesabu nzima. Andika nyuma ya daftari "maharage ya kukaanga: 10 kwa gramu 100" na utumie hiyo. Baada ya mwezi ukurasa huo utakuwa na vyakula vyako vingi vya kila siku, na kuhesabu mlo kutachukua dakika moja.

Hatua ya 7: Gawa kikomo kabla siku haijaanza

Usisubiri usiku kujua umebakiza ngapi. Mwenye kikomo cha 180 anaweza kupanga 45 asubuhi, 60 mchana, 50 jioni na 25 za katikati. Mwenye ratiba tofauti apange tofauti. Kinachotakiwa ni kila mlo kuwa na namba yake. Mlo mmoja ukizidi kwa 10, punguza 10 kwenye unaofuata na uendelee. Ukizidi kwa 80, iache siku hiyo. Usifidie kwa kushinda na njaa kesho yake, kwa sababu njaa ya kesho ndiyo inayozaa kuzidisha kwa kesho kutwa.

Hatua ya 8: Amua nini kinachukua nafasi ya wanga uliotoka

Nusu ya sahani iwe mboga zisizo na wanga mwingi. Kila mlo uwe na protini: yai, samaki, kuku, nyama isiyo na mafuta mengi, dengu, maharage. Protini hushibisha na husaidia kulinda misuli uzito unapopungua.

Mafuta yapime. Kijiko cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi. Vijiko vitatu ni 360, yaani vimeshakula punguzo lote la kalori 280 tulilolipata hatua ya pili, na daftari la wanga bado linasoma sifuri. Karanga nazo: gramu 100 zina wanga wa 16 tu, lakini kalori zake ni zaidi ya 550. Kula kiganja, usile bakuli.

Na wanga unaobaki usiutupe kwenye sukari. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kutoka kwenye chakula. Gramu 60 za wanga za maharage na matunda mazima zitakushibisha hadi jioni. Gramu 60 za soda hutazikumbuka baada ya saa moja.

Hatua ya 9: Pima mwili na ulinganishe

Panda mizani asubuhi, baada ya kwenda chooni, kabla ya kula wala kunywa. Pima kila siku kama huwa huumizwi na namba, kisha tumia wastani wa wiki. Ukiona inakuchafulia siku, pima mara moja kwa wiki. Kiuno kipime kila baada ya wiki mbili.

Wiki ya kwanza usishangilie sana. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli pamoja na maji, takriban gramu 3 za maji kwa kila gramu ya wanga. Ukipunguza wanga, akiba hiyo hupungua na maji hutoka, hivyo kilo moja au mbili zinaweza kuondoka haraka bila kuwa mafuta. Ukila wanga mwingi siku ya sherehe, maji yale hurudi na mizani hupanda usiku mmoja. Kuanzia wiki ya tatu ndipo mwelekeo wa kweli huonekana. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri.

Mambo yakienda kombo

*Uzito umegoma kwa wiki tatu au nne.* Kabla ya kushusha kikomo, rudia hatua ya kwanza: siku nne za kupima kila kitu, pamoja na mafuta. Kagua kwa mpangilio huu: mafuta ya kupikia, vinywaji, kuonja unapopika, siku za mwisho wa wiki, na mwisho hali ya chakula kwenye mizani (kibichi au kilichoiva). Mara nyingi jibu liko kwenye viwili vya kwanza. Wanawake walinganishe uzito na wiki ile ile ya mzunguko uliopita, kwa sababu maji huongezeka karibu na hedhi.

*Kichwa kinauma, nimechoka, nina hasira.* Huenda umeshuka kwa kishindo. Ongeza gramu 30 kwa siku, kunywa maji, kisha shuka tena polepole. Dalili zikidumu, nenda hospitali.

*Nimefunga choo.* Umetoa nafaka na matunda bila kuweka kitu. Rudisha maharage, dengu, mboga za majani na matunda mazima, na maji ya kutosha.

*Njaa inaniamsha usiku.* Angalia protini ya mlo wa jioni kabla ya kulaumu wanga. Ikiwa ipo ya kutosha, hamisha gramu 15 hadi 20 kutoka mchana kwenda jioni.

*Nimealikwa, siwezi kubeba mizani.* Jifunze ngumi yako ukiwa nyumbani. Pakua wali unaolingana na ngumi yako, upime, na uandike. Kwa wengi ni karibu kikombe kimoja, ambacho kina wanga wa gramu 45 hivi, lakini ngumi zinatofautiana, kwa hiyo tumia namba yako mwenyewe. Fanya hivyo kwa viazi na tambi pia. Ukialikwa, kadiria, ongeza kidogo kwa usalama, andika, kisha ufurahie chakula na wenyeji wako.

*Programu ya simu inatoa namba tofauti na jedwali.* Programu nyingi hupokea namba zilizowekwa na watumiaji wenyewe. Namba ikiwa mbali sana na orodha ya hatua ya tatu, iache. Tofauti ya gramu mbili au tatu haitakudhuru.

*Natumia dawa za kisukari, nimeanza kutetemeka na kutoka jasho.* Pima sukari mara moja. Ikiwa chini ya 70 mg/dL, sawa na 3.9 mmol/L, kula au kunywa gramu 15 za sukari ya haraka, mfano vijiko vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, subiri dakika 15, pima tena, urudie ikiwa bado iko chini. Kama huna kipimo, kunywa sukari kwanza. Kisha mpigie daktari siku hiyo hiyo, dozi inahitaji kuangaliwa.

*Nawaza chakula muda wote na naogopa kula bila kuandika.* Funga daftari. Acha kuhesabu kwa wiki mbili, kula kwa kutumia nusu sahani ya mboga na protini kila mlo, na umweleze daktari au mtu unayemwamini. Hofu ikibaki, usirudi kwenye namba.

*Nimefikia uzito nilioutaka, sasa nifanye nini?* Usirudi ulikotoka kwa siku moja. Ongeza gramu 15 kwenye kikomo, kaa hapo wiki mbili, tazama wastani wa uzito. Ukitulia, ongeza 15 nyingine. Wiki ya kwanza ya kila nyongeza inaweza kuleta nusu kilo ya maji. Ipuuze na usome wiki ya pili. Pale ambapo uzito unaanza kupanda kwa wiki mbili mfululizo, rudi nyuma hatua moja. Hicho ndicho kiwango chako cha kuishi nacho; kiandike kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, pamoja na tarehe na uzito wa siku hiyo.